Umri wa Yai

Nina urefu wa mita moja na sentimita arobaini na moja, na kazi yangu ni kuuza vifungo. Mambo haya mawili hayahusiani, lakini watu wa Lubumbashi wanapenda kuyaunganisha. Mafundi cherehani wanaokuja dukani kutafuta zipu na uzi huinama juu ya kaunta na kuniuliza, "Mama mwenye duka iko wapi?" Mimi hujibu kwamba mama mwenye duka ametoka, atarudi kesho, kisha nawaacha wasimame hapo mpaka waone aibu. Nina ulimi mbaya. Mume wangu husema kwamba Mungu aliponipunguzia miguu aliongeza kwenye ulimi, na kwamba hesabu ilikuwa sawa.

Nyumbani kwa mama yangu, katika komuni ya Kenya, ambayo ni wilaya ya mji wetu wala si ile nchi, mlango wa jikoni una mwimo wa mbao ngumu uliopakwa rangi ya kijani. Marehemu baba alikuwa akitupima hapo kila Mwaka Mpya, kwa penseli nene ya seremala. Upande wa kushoto ni mimi. Upande wa kulia ni mdogo wangu, ambaye alizaliwa miaka kumi na mitatu baada yangu, wakati mama alikuwa amekwisha kata tamaa. Alama zangu zinapanda vizuri mpaka miaka saba hivi, halafu zinaanza kusongamana kama watu kwenye foleni ya maji. Mbili za mwisho zimelaliana kabisa. Mdogo wangu alinipita akiwa na miaka kumi na moja. Siku hiyo alilia, kwa sababu alidhani amefanya kosa. Alilia yeye, si mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, hedhi yangu ilikuja mara chache, ikaondoka, haikurudi tena. Mama alinizungusha kwenye maombi mengi kabla ya kunipeleka kwa daktari. Damu yangu ikatumwa Ulaya. Damu yangu imefika Ulaya. Mimi mwenyewe bado. Jibu liliporudi, daktari alituchorea kwenye karatasi. Ndani ya mwili wa mtu kuna nyuzi ndogo sana zinazoitwa kromosomu, nazo hubeba maagizo ya mwili mzima. Mwanamke anatakiwa kuwa na uzi wa X mara mbili. Mimi, sehemu moja ya mwili wangu ina nyuzi mbili na sehemu nyingine ina mmoja tu. Hali hiyo ina jina la mzungu aliyeieleza kwanza. Sitaliandika hapa, hajawahi kunisalimia.

Nilichoelewa mimi ni kifupi. Mayai yangu yaliisha kabla sijajua kazi yake.

Mama alielewa jambo jingine. Wanawake wa kanisani, wale wanaojua kila kitu, walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba tumbo lililonibeba lilivuka kitu lisichopaswa kuvuka. Daktari alimweleza kwamba si kosa la mtu, kwamba jambo hilo hutokea tu, mwanzoni kabisa. Mama aliitika kwa adabu na hakuamini neno. Tangu hapo, kila aliponiona nikivuta kibao ili nifikie rafu, aligeuza uso. Sikupenda kuona hivyo. Niliapa kutovuta kibao mbele yake, nikaanza kurukaruka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Niliolewa nikiwa na miaka thelathini na mbili, na mtu anayeuza unga wa mahindi, ule tunaopikia bukari, yaani ugali wetu, na ambaye maisha yake yote ni barabara ya Mokambo, kwenda Zambia na kurudi. Nilimwambia kila kitu kabla hajaleta chochote kwa wajomba zangu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mi siowi mayai. Nakuoa weye." Nilimpenda kwa hilo. Baada ya miaka mitano nilianza kumwona akiwatazama watoto wa jirani kwa muda mrefu kuliko lazima, nami sikumlaumu, maana nilikuwa nikiwatazama naye.

Aliyelitoa neno ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitano na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto sitini. Tulikuwa uani kwa mama tukitwanga sombe, majani ya muhogo, mama yuko sokoni. Akaacha mchi katikati, akasema, "Yaya, nimesoma kama fasi ingine mudogo anaweza kupatia mukubwa wake yai. Mi niko nayo mingi. Siwezi kuzaa yote."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Alisema hivyo kama mtu anayekuazima kanga. Mimi nilitwanga kwa nguvu mpaka majani yakaruka nje ya kinu. Sikujibu siku hiyo wala siku ya pili. Siku ya tatu nilimpigia simu nikamwuliza kama bado anayo mengi.

Tulikwenda Lusaka kwa njia ya Mokambo, watatu. Kwa majirani tulisema tunakwenda kutafuta vifungo vya bei nzuri, na ili tusiwe waongo kabisa tulirudi na gunia la vifungo. Safari zilikuwa nne. Lubumbashi nzima ilidhani biashara yangu imekua.

Daktari wa kule alikuwa mtu mwenye subira. Walinipima moyo kwa mashine, pamoja na mshipa mkubwa unaotoka moyoni, wakirudia mara mbili. Walimpima mdogo wangu damu na kila kitu. Kisha daktari akatuketisha, akachukua kalamu, akaanza kueleza. Alieleza kwa Kiingereza. Mimi na mdogo wangu tumesoma kwa Kifaransa. Mkalimani wetu alikuwa mume wangu, na Kiingereza cha mume wangu ni cha kununulia unga. Kinajua gunia, lori, kesho, na punguza kidogo. Daktari alizungumza labda dakika kumi. Alichora mwanamke, akachora mwanamke mwingine, akachora yai na mishale. Mume wangu alitikisa kichwa kwa heshima wakati wote. Mwishowe alinigeukia.

"Anasema hakuna shida."

"Dakika kumi zote hizo?"

"Ingine ni adabu tu."

Daktari akatupa barua ndefu, ya kumpa daktari yeyote atakayenitunza nyumbani. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Sasa nieleze kwa nini barua hiyo haikufika. Mdogo wangu alikuwa ameposwa. Watu wa yule kijana walikuwa wamekwisha kuja mara ya kwanza, wamekaa, wamekunywa, wametaja sababu ya safari yao. Sisi ni Wakasai. Babu zetu walitoka Kasai kuja kufanya kazi za migodi, lakini mambo ya ndoa bado tunayafanya kama waliokuja jana. Niliwaza shangazi na wajomba wa upande ule wakisikia kwamba binti wanayemtaka amekwisha kutoa mtoto katika nyumba nyingine, na kwamba mtoto huyo yuko katika tumbo la dada yake. Nani angewaelewesha? Tuliapa watatu: hatutamwambia mtu, hata mama. Barua niliificha dukani, ndani ya kopo la vifungo vyeusi vya makoti ya baridi, ambavyo hakuna anayenunua Lubumbashi. Nilidhani nimefanya akili nyingi.

Mimba ilishika mara ya kwanza. Nilikaa juu ya kitanda nikishika kile kipimo, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Kosa lilifanyika kwenye kuandikishwa. Daktari niliyemchagua ni mama mmoja anayefanya kazi katika kliniki ndogo mtaa wa Golf, aliyesifiwa kwa mashine yake ya ekografi, ile inayoonyesha mtoto tumboni, na kwa kutopiga kelele. Sikujua kwamba muuguzi wake mkuu ni shangazi wa mchumba wa mdogo wangu. Niliingia, nikamkuta amekaa na kalamu yake, miwani kwenye ncha ya pua, akanipokea kwa shangwe kama ndugu. Alichukua karatasi yangu ya zamani, ile ya nyuzi za X, akainakili kwenye fishi, ile kadi ya mgonjwa. Umri: thelathini na minane. Kisha akauliza mimba ilikuja namna gani.

"Sawa ya bantu yote," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Mungu iko mukubwa!" akapaza sauti, na akina mama waliokuwa kwenye benchi kusubiri wakanipigia makofi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Uongo ukishapigiwa makofi, ni vigumu kuurudisha.

Daktari alipoiona fishi alishangaa kidogo lakini hakubisha. Wanawake wa aina yangu, wale wenye mchanganyiko, mara chache hushika mimba wenyewe. Alikuwa amesoma hivyo. Alisema kwa sababu hiyo atanichunguza zaidi kuliko wengine, maana yai la mwanamke mwenye hali kama yangu, tena wa umri wangu, lina hatari zaidi ya kutoa mtoto mwenye kasoro za kromosomu. Mwezi wa tatu alifanya ekografi, akapima shingo ya mtoto, akanitoa damu, akaingiza kila kitu kwenye kompyuta.

Baada ya wiki moja aliniita na mume wangu. Alizungumza Kifaransa, polepole, na safari hii hapakuwa na mkalimani wa kunikinga. Hesabu imetoka juu ya mstari. Si kusema mtoto ana kasoro. Ni kusema hatari ni kubwa kiasi cha kutaka uhakika. Ili kupata uhakika ni lazima kuingiza sindano tumboni na kuchukua maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Sindano hiyo mara chache huharibu mimba. Nikafikirie, nirudi baada ya siku kumi.

Hizo siku kumi nilizikaa vibaya. Msomaji huenda anajua tayari kosa lilikuwa wapi, mimi sikujua. Nilijua yai ni la mdogo wangu, ndiyo. Lakini nilidhani damu ndiyo inayofanya mtoto. Mtoto anakunywa damu yangu, nikawaza, anakaa katika tumbo langu, anachukua maagizo yangu, na maagizo yangu yana pengo. Niliogopa. Na chini ya hofu kulikuwa na aibu mbaya zaidi: nilijiona mwizi. Nilichukua yai zima la mdogo wangu nikaliharibu. Nilianza kumwelewa mama. Nilitaka kwenda kumwambia hivyo, lakini mama naye alidhani mimba imekuja yenyewe, na alikuwa ameanza kufuma soksi.

Mume wangu aliacha kutania. Siku moja alirudi kutoka Mokambo na lori la mtu mwingine bila kutambua.

Siku ya nane mdogo wangu alikuja dukani akitoka shule, chaki kwenye mikono. Alinitazama mara moja tu. "Yaya, juu ya nini haukuli?" Nikamwambia yote, pamoja na yale ya yai lililoharibika, nikamwomba msamaha. Nililia juu ya kaunta, na fundi mmoja aliyekuwa akitaka zipu nyekundu akaondoka taratibu.

Mdogo wangu hakulia. Alikunja uso vile anavyoukunja mwanafunzi anapoleta jibu lisilolingana na swali.

"Ngoja. Ile kompyuta ya dokta, waliitilia myaka ya nani?"

"Yangu. Thelathini na nane."

"Na yai iko na myaka ngapi?"

Nikamtazama.

"Yai, yaya. Iko na myaka ngapi?"

"Yako... ishirini na mitano."

"Na dokta anajua?"

Nilipanda kibao, nikashusha kopo, tukamwaga vifungo vyeusi juu ya kaunta, vingine vikakimbilia sakafuni. Barua ilikuwa chini kabisa, imechukua harufu ya bati. Mdogo wangu akatoa simu, akaanza kutafsiri neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Ilichukua muda. Katikati ya ukurasa wa pili daktari wa Lusaka alikuwa ameandika, na kupigia mstari chini, kwamba hesabu zote za hatari ya mtoto zifanywe kwa umri na kromosomu za aliyetoa yai, si kwa za mama anayebeba. Hizo ndizo dakika kumi. Hiyo ndiyo "hakuna shida".

Jioni nilimsomea mume wangu. Alikaa chini kwenye kiti kidogo cha jikoni. "Ile siku alichora mishale," akasema, "mi nilizania iko anafasiria barabara." Sijui kama nilitaka kumpiga au kumkumbatia. Nilianza na la kwanza, kwa mwiko, kwenye bega, si kwa nguvu.

Lakini hapo ndipo kamba ilipokaza. Ili daktari ahesabu upya, lazima aambiwe. Na fishi hukaa mikononi mwa shangazi wa mchumba. Haondoki chumbani hata dakika moja, yeye ndiye macho na masikio ya daktari. Nikapanga: nitatafuta daktari mwingine, nitasafiri, nitafika Lusaka tena, nitamwomba muuguzi anitafutie maji ya kunywa. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya, ile bantu bakinikatala juu ya hii, basi haikukuwa bwana yangu."

"Ni rahisi kusema."

"Haiko rahisi," akasema, na hapo ndipo nilipoona kwamba midomo yake inatetemeka. Alimpenda yule kijana. Anampenda mpaka leo.

Siku ya kumi tuliingia wanne: mimi, mume wangu, mdogo wangu, na ile barua. Sindano ilikuwa tayari imepangwa kwenye sahani ya chuma, imefunikwa kitambaa cha kijani. Shangazi alikuwa mezani, fishi mbele yake. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba maji. Nilifungua mdomo, na ulimi wangu, huu ulimi ninaojisifia, ukakataa kazi.

Mdogo wangu akasema, kwa ile sauti ya darasani, "Dokta, ile fishi inasema uongo. Yai haiko ya yaya. Iko yangu. Nilimupatia Lusaka. Niko na myaka makumi mbili na tano."

Shangazi akavua miwani.

Daktari alinyoosha mkono, akachukua barua. Alijua Kiingereza. Alisoma kurasa zote mbili amesimama, kisha akanigeukia, na huyo mama asiyepiga kelele akapiga kelele.

"Mama! Unanificha? Mi niko nahesabu mutoto ya muntu mwingine! Nilikuwa naenda kuchoma sindano ndani ya tumbo yako juu ya bure!"

Nilisema samahani. Nilisema mara nyingi. Alikwenda kwenye kompyuta bado akinung'unika, akafuta, akaandika, akamwuliza mdogo wangu tarehe ya kuzaliwa na magonjwa ya utotoni. Mashine ya kuchapisha ilichukua muda wake, kama kawaida ya mashine mtu akiwa na haraka. Karatasi ilipotoka aliisoma, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hatari iko chini. Chini sana. Sindano hatutumie."

Akanieleza tena yale ya Lusaka, kwa lugha yangu. Tumbo hulisha, haliandiki. Damu yangu inampa mtoto chakula na hewa, lakini maagizo yaliandikwa siku ile yai la mdogo wangu lilipokutana na mbegu ya mume wangu, na baada ya hapo hakuna pengo langu linaloweza kuingia. "Mugonjwa wangu ni weye," akasema. "Weye na moyo yako na tension yako. Mutoto eko muzuri kukupita." Na tena akasema jambo ambalo wakati huo lilinipita tu: kwamba msichana huzaliwa na mayai yake yote, kwamba hufanyika angali ndani ya tumbo la mama yake, kwa hiyo hata kusema miaka ishirini na mitano ni kusema kwa karibu.

Sikusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na kwikwi. Nilicheka na kulia na kupigwa kwikwi kwa pamoja. Mume wangu alitoka nje akasimama uani ameegemea ukuta, mikono juu ya kichwa. Nimewahi kufurahi maishani, lakini kufurahi ni kitu kidogo. Hii ilikuwa kama kutua gunia ambalo umelibeba mpaka umesahau kwamba mtu anaweza kutembea bila gunia. Sahani yenye sindano ikaondolewa. Niliitazama mpaka ikapita mlango.

Aliyeiondoa ni shangazi. Aliporudi alikaa, akavaa miwani, akakata kwa mstari mmoja lile neno "yenyewe" kwenye fishi, akaandika upya kwa mwandiko mzuri. Mdogo wangu alikuwa amesimama wima kama anasubiri viboko. Shangazi alimaliza kuandika, akafunga kalamu.

"Weye," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Bantu banasema wanamuke ya leo banajua kuchukua tu." Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Muntu mwenye kupatia yaya yake yai, atashindwa kupatia mutoto ya kaka yangu bukari?" Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika. "Na weye, mufupi, utanilipa zile makofi nilikupigisha bure."

Niliyemwogopa miezi mitatu alikuwa huyo. Ndoa ilifungwa mwezi wa saba wa mimba yangu. Upande ule walijua habari zote, lakini hakuna aliyewahi kusema neno baya, na mchumba mwenyewe, mdogo wangu alipomweleza, aliuliza tu kama inauma.

Mwezi wa tano daktari alinionyesha moyo wa mtoto kwenye skrini, vyumba vinne vyote mahali pake, nikamwomba avihesabu tena. Mwishoni ile tension, yaani presha yangu, ilipanda, kama alivyoonya, wakanilaza, wakanipasua kabla ya siku zangu kwa wiki tatu. Wakati wote walikuwa wakishughulikia moyo wangu, na mimi nilikuwa mtulivu kuliko wao. Mtoto alipolia, kila mtu chumbani alitaka kujua ni jinsia gani na ana kilo ngapi. Mimi niliuliza, "Sentimita?"

"Makumi ine na munane," akasema shangazi. "Na ni mwanamuke."

Sasa binti yangu ana miaka mitatu na hakai chini. Mwaka Mpya huu mama alimsimamisha kwenye mwimo wa jikoni. Mama amezeeka, penseli ya baba imebaki kipande cha kidole, lakini haruhusu ishikwe na mwingine. Aliweka kitabu cha nyimbo juu ya kichwa cha mtoto, akachora mstari wa kukata mwimo mzima. Mtoto akakimbia. Mama akabaki ameinama, anatazama.

Upande wa kushoto, alama iliipita ile yangu ya miaka mitatu, ikaipita ile ya miaka minne pia. Upande wa kulia, ilikuwa imekaa juu ya alama ya mdogo wangu ya miaka mitatu, sawasawa kabisa, mstari juu ya mstari.

"Huyu anakomea sawa mudogo yako," mama akasema.

Nilikuwa nimeapa, lakini wale niliowaogopa walikuwa wanajua tayari, na asiyejua alikuwa mama peke yake. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya Lusaka, ya barua, ya sindano. Hakunikatiza. Nilipomaliza akawa anafuta penseli kwenye kitenge chake kana kwamba ina uchafu. Nikaogopa kwamba nimemkosea. Ndipo yale maneno ya daktari, yale yaliyonipita nikiwa na kwikwi, yakanirudia, nikamwambia nayo: kwamba yai lile lilifanyika zamani, mdogo wangu akiwa bado hajazaliwa. Ndani yake yeye.

Mama akainua macho. "Ndani ya tumbo yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile ile tumbo yenye nilikubebea weye?"

"Ile ile."

Akageuka akautazama mlango, mahali ambapo mtoto alikuwa akimfukuza kuku kwa miguu yake miwili mizuri. Alitazama kwa muda mrefu. Nikaona mabega yake yakishuka, yale mabega ambayo tangu nina miaka kumi na saba sijawahi kuyaona yakiwa chini.

"Basi," akasema. Akachukua tena kile kitabu cha nyimbo. "Kuya na weye. Vula viatu."

"Mama, nina miaka arobaini na miwili."

"Vula viatu."

Nikavua, nikasimama kwenye upande wangu wa kushoto, kisigino ukutani. Akachora. Ilikuwa pale pale, juu ya zile mbili za mwisho, na mama akacheka.